Tarehe tatu za binti wa Mlingotini: kauli, kanuni na waraka katika kisa kimoja cha shule

Binti ana miaka 16. Anasoma kidato cha pili katika shule ya kata wilayani Bagamoyo. Kwao ni Mlingotini, mama yake analima mwani. Ijumaa ya tarehe 13 Septemba 2019 wasichana wa darasa lake wanapimwa mimba, kama walivyopimwa muhula uliotangulia, na yeye anakutwa nayo. Mwalimu wa malezi anamwambia achukue begi lake aende nyumbani, arudi Jumatatu na mzazi.

Jumatatu mama anafika. Mkuu wa shule anampokea kwa heshima zote, anampa kiti, anaitikia shikamoo yake, kisha anamwambia: "Mama, hapa kwangu hakuna la kufanya. Kauli ya Rais unaijua." Mama anaomba apewe angalau karatasi. Hapewi. Bodi ya shule haikai, binti haitwi kusikilizwa, na barua ya kumfukuza haiandikwi. Kwenye daftari la mahudhurio anaendelea kuonekana hayupo, siku baada ya siku, mpaka zinatimia siku 90. Tarehe 12 Desemba 2019 jina lake linakatwa, na mbele yake linaandikwa neno moja: utoro.

Anajifungua Februari 2020. Kijana aliyempa mimba, dereva wa bodaboda, ameshahamia Dar es Salaam. Novemba 2021 Serikali inatangaza kwamba wanafunzi waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Januari 2022 mama yuko tena ofisini kwa mkuu wa shule, na sasa ni mkuu mwingine. Huyu anafungua daftari, anahesabu kwa vidole, anasema: "Mama, naona muda umepita."

Kisa hiki nimekiunda mimi, kama wanavyofanya walimu wa sheria wanapotaka vifungu vipimwe dhidi ya maisha. Huyu binti si mtu fulani anayeishi Mlingotini. Lakini sheria, kanuni, kauli na waraka vinavyomgusa ni vya kweli na viko katika tarehe zake halisi, na kila hatua ya kisa inafuata njia ambayo vimewapitisha wasichana wengi wa nchi hii. Nimekiweka Bagamoyo kwa sababu ilikuwa katika ziara yake wilayani humu, Juni 2017, ndipo Rais John Magufuli alipotoa kauli ambayo mkuu wa shule wa kwanza aliitegemea.

Swali ninalolichambua ni hili: je, muda wa binti huyu ulipita kweli?

Sheria ilisema nini siku ile ya Septemba

Tuanze juu kabisa, kwenye Katiba. Ibara ya 11 inatambua haki ya mtu kujielimisha na uhuru wa raia kutafuta elimu hadi upeo anaouweza. Wazazi wengi wakisikia hivyo hudhani kesi imekwisha. Bado. Ibara hiyo imo katika sehemu ya malengo ya msingi ya taifa, na ibara ya 7 inasema mahakama hazina mamlaka ya kuamua kama malengo hayo yametekelezwa. Kwa hiyo mama wa Mlingotini hawezi kuingia mahakamani akiwa na ibara ya 11 peke yake. Silaha yake iko kwenye ibara ya 13, inayokataza ubaguzi, ikiwemo wa jinsia, na inayotaka mtu asikilizwe kwa ukamilifu pale haki na wajibu wake unapoamuliwa. Hiyo inatetewa mahakamani.

Chini ya Katiba iko Sheria ya Elimu Na. 25 ya mwaka 1978. Sheria hii imefanya elimu ya msingi kuwa ya lazima: mtoto akifika miaka saba aandikishwe, ahudhurie, amalize, na mzazi anayemzuia ana kosa. Lakini ulazima huo uliishia darasa la saba. Binti wa kidato cha pili alikuwa nje ya ukuta huo. Serikali ilishaondoa ada mpaka kidato cha nne kwa Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, utekelezaji ukaanza Januari 2016, na madarasa yakafurika. Kuondolewa ada, hata hivyo, hakumfanyi mtoto awe na kinga ya kisheria ya kubaki shuleni. Watu wengi huchanganya mambo haya mawili, na mkanganyiko huo una gharama, kwa sababu mzazi anaamini mwanawe ana haki ambayo sheria haijaiandika.

Sasa twende kwenye kanuni, maana hapa ndipo kiini cha kisa kilipo. Sheria ya 1978 inampa Waziri uwezo wa kutunga kanuni, na mwaka 2002 zikatungwa Kanuni za Kufukuza na Kuondoa Wanafunzi Shuleni, Tangazo la Serikali Na. 295. Kanuni ya 4 inataja sababu za kumfukuza mwanafunzi: utovu wa nidhamu uliokithiri, kosa la jinai kama wizi, uharibifu wa mali, ukahaba, dawa za kulevya au kosa dhidi ya maadili, hata kama hajashtakiwa, na kufunga ndoa.

Mimba haimo.

Nimeirudia kanuni hiyo mara nyingi kila mjadala huu unapoibuka, na kila mara nashangazwa na jinsi tulivyoishi miaka chungu nzima tukiamini kwamba sheria inamfukuza msichana mjamzito. Kilichomfukuza ni tafsiri ya maneno "kosa dhidi ya maadili". Tafsiri hiyo haisimami, kwa sababu mbili.

Kwanza, aliyeandika kanuni alijua kuandika. Alipotaka ndoa iwe sababu ya kufukuzwa, aliitaja ndoa kwa jina lake. Kama alitaka na mimba iwemo, kalamu ilikuwa mkononi mwake. Mtunzi anayetaja jambo moja na kuliacha jirani yake, tunachukulia kwamba alikusudia kuliacha. Na kanuni inayomwondolea mtu haki husomwa kwa ufinyu, haitanuliwi kwa kukisia.

Pili, na hili ndilo linaloniuma zaidi, binti wa miaka 16 hawezi kuwa mkosaji katika tendo ambalo sheria ya jinai inamhesabu yeye kuwa ndiye aliyekosewa. Tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, mwanamume kufanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 asiye mkewe ni ubakaji, awe ameridhia au hakuridhia. Na mwaka 2016 Bunge lilirekebisha Sheria ya Elimu na kuongeza kifungu cha 60A: anayempa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anakabiliwa na kifungo cha miaka 30. Yaani katika sheria hiyo hiyo ya elimu, Bunge limeshasema nani ana kosa. Ni yule wa bodaboda. Huwezi kumpeleka mmoja mahakamani kama mhalifu, kisha ukamwadhibu aliyetendewa kwa kosa lile lile.

Kwa hiyo tarehe 13 Septemba 2019 hakukuwa na kifungu kilichomruhusu mkuu wa shule kumwondoa binti. Kulikuwa na kauli.

Kauli

Tarehe 22 Juni 2017, mkoani Pwani, Rais Magufuli alisema kwamba katika uongozi wake hakuna mwanafunzi mwenye mimba atakayerudi shuleni. Aliwajibu waliokuwa wakidai kurejeshwa kwao kwamba wasichana hao wana njia nyingine: vyuo vya ufundi stadi vya VETA, cherehani, mikopo, kilimo. Hoja yake ilikuwa kwamba kuwarudisha ni kuwafundisha wenzao kwamba jambo hilo ni la kawaida.

Hoja hiyo nataka niipe haki yake, maana ilikuwa na wafuasi wengi na bado inao, hata hapa pwani, hata miongoni mwa akina mama waliozaa wakiwa wadogo. Mzazi anayelipia nauli na sare kwa pesa ya mwani au ya samaki anaogopa. Anaona mtoto wa jirani amerudi na begi, anajiuliza wa kwake atajifunza nini. Woga huo si wa kubezwa. Lakini sheria ilishaujibu kwa upande mwingine: kama lengo ni kutisha, kifungu cha 60A chenye miaka 30 kilikuwa kimeshatungwa mwaka mmoja kabla ya kauli, na kinamtisha mwenye uwezo wa kuamua. Kumfukuza binti hakukuongeza hofu kwa mwanamume hata mmoja. Kulichoongeza ni siri.

Kisheria, kauli ya jukwaani ina uzito gani? Haikupita Bungeni, haikuchapishwa katika Gazeti la Serikali, haikurekebisha Tangazo Na. 295. Mkuu wa shule ni mtumishi wa umma anayetekeleza sheria na kanuni zilizoandikwa. Tukiishia hapo, jibu ni kwamba kauli haikuwa na nguvu yoyote. Ila mimi siwezi kuishia hapo, kwa sababu mkuu wa shule hakai ndani ya kitabu cha sheria. Ana afisa elimu kata juu yake, afisa elimu sekondari, mkurugenzi wa halmashauri, mkuu wa wilaya. Katika miaka ile mtumishi aliyeonekana kwenda kinyume na kauli ya Rais alijua anaweza kupoteza kazi kabla jua halijatua. Kwa hiyo kauli isiyokuwa na nguvu ya kisheria ilikuwa na nguvu zote nyingine, na mkuu yule hakudanganya aliposema hana la kufanya. Alikosea alipokubali kufanya hivyo bila kuandika.

Maana tazama: kwa nini mama hakupewa karatasi? Kifungu cha 60A kinamtaka pia mkuu wa shule atunze kumbukumbu na kupeleka kila robo mwaka taarifa za mimba na ndoa za wanafunzi, pamoja na hatua zilizochukuliwa. Taarifa hiyo inafungua maswali. Nani kampa mimba? Polisi wamearifiwa? Dawati la Jinsia na Watoto lina jalada? Shule yenye mimba tatu kwa robo moja inaitwa kujieleza. Kuandika "utoro" kunafuta maswali yote hayo kwa neno moja. Binti anageuka mwanafunzi aliyeacha shule kwa hiari yake, shule inabaki na takwimu safi, na dereva wa bodaboda anapata miezi mitatu ya kufunga virago.

Upande wa familia nao una lake. Ubaba ungethibitishwa kwa vipimo vya Mkemia Mkuu wa Serikali, lakini kesi inahitaji shahidi, na shahidi mkuu ni binti mwenyewe. Wajomba wakakaa, ikatajwa posho ya mtoto, ikatajwa hata ndoa. Hapa nitamke wazi, kwa sababu watu huuliza: ndoa isingewaokoa. Kumwoza mwanafunzi nako kunakatazwa na kifungu kile kile, na anayesaidia ndoa hiyo ana kosa lake mwenyewe. Aidha tarehe 23 Oktoba 2019, wiki chache baada ya binti kurudishwa nyumbani, Mahakama ya Rufani ilithibitisha uamuzi wa Mahakama Kuu wa mwaka 2016 katika shauri la mwanaharakati wa haki za wasichana Rebeca Gyumi, kwamba vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinakwenda kinyume na Katiba. Mlango wa ndoa ulikuwa umefungwa na mahakama, na wa shule umefungwa na kauli.

Waraka, na miaka miwili

Tarehe 24 Novemba 2021 Profesa Joyce Ndalichako, aliyekuwa Waziri wa Elimu, alitangaza mabadiliko. Ukatolewa Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 kuhusu kuwarejesha wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, na Februari 2022 ukafuata mwongozo wa utekelezaji. Kwa sababu mbalimbali: waliojifungua, watoro, wagonjwa, waliofeli. Wote wamewekwa kapu moja, na sidhani kwamba ilikuwa bahati mbaya. Serikali ilitafuta njia ya kufungua mlango bila kutamka kwamba mlango ule haukupaswa kufungwa. Naielewa busara ya kisiasa iliyokuwamo. Lakini imeacha pengo, na binti wetu amedumbukia humo.

Utaratibu mpya umeweka kikomo: mwanafunzi arudi ndani ya miaka miwili tangu alipokatiza masomo. Baada ya hapo anaelekezwa kwenye njia mbadala, nje ya mfumo rasmi.

Sasa hesabu. Kama binti alikatiza masomo Septemba 13, 2019, siku aliyoambiwa achukue begi, miaka miwili ilitimia Septemba 2021. Waraka ulitoka zaidi ya miezi miwili baadaye. Yaani alifunguliwa mlango uliokwisha kufungwa. Kama alikatiza Desemba 12, 2019, siku jina lilipokatwa kwa utoro, kikomo chake ni Desemba 2021: waraka ulimkuta ndani ya muda kwa majuma mawili na ushee, lakini shule zilikuwa zinafunga muhula, na mwongozo wa namna ya kuwapokea ulikuwa bado haujatoka. Mama alipofika Januari 2022 alikuwa amechelewa kwa mwezi mmoja.

Iko tarehe ya tatu. Kwa maoni yangu binti hakukatiza masomo hata siku moja. Alizuiwa. Mtu aliyezuiwa na mamlaka hawezi kuhesabiwa muda na mamlaka ile ile, katika kipindi ambacho hata angefika getini alfajiri kila siku asingepokelewa. Muda wake unapaswa kuanza kuhesabiwa siku kizuizi kilipoondolewa, yaani Novemba 2021. Kwa hesabu hiyo alikuwa na hadi Novemba 2023, na Januari 2022 mama alifika mapema.

Nikisema hivyo naambiwa kwamba kalenda ni kalenda, haiwezi kusimamishwa kwa ajili ya mtu mmoja. Si kweli, na Serikali yenyewe imeshatuonyesha. Machi 2020, kwa sababu ya corona, shule zote za nchi zilifungwa. Kidato cha sita walirudi Juni 1, wengine wote wakarudi Juni 29. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyeandikwa mtoro kwa miezi ile. Kila mtu alielewa kwamba aliyefunga geti ni Serikali, kwa hiyo mtoto hana la kujibu. Miezi hiyo hiyo binti wa Mlingotini alikuwa nyumbani na mtoto mchanga, na kwake yeye peke yake siku zilikuwa zinahesabiwa.

Mkuu wa shule wa pili angeweza kuamua hivyo? Naamini ndiyo. Waraka ni maelekezo ya kiutawala yenye lengo la kurejesha wanafunzi, na maelekezo yenye lengo hilo husomwa kwa namna inayolitimiza. Zaidi ya hapo, neno "utoro" kwenye daftari halikuwa na msingi: mama alifika shuleni Jumatatu, akaomba mwanawe aendelee, akakataliwa. Mtoro hana mzazi anayemwombea. Kumbukumbu ya uongo haiwezi kuwa msingi wa kumnyima mtu haki. Lakini mkuu huyu naye hakuwa na karatasi ya mtangulizi wake, na hakutaka kuwa wa kwanza kupindisha kikomo alichokisoma kwenye waraka. Akamwelekeza mama kwenye elimu mbadala.

Njia hiyo si ya kudharauliwa. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyoanzishwa kwa sheria mwaka 1975, imekuwa ikiendesha masomo ya sekondari nje ya mfumo rasmi kwa miongo, na mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, ulioidhinishiwa mkopo wa dola milioni 500 na Benki ya Dunia mwishoni mwa Machi 2020, uliipanua kwa ajili ya wasichana walioacha shule, bila ada. Masomo ya miaka minne yanabanwa ndani ya miaka miwili: hatua ya kwanza ni ya kidato cha kwanza na cha pili, ya pili ni ya cha tatu na cha nne. Wako wasichana waliopitia huko wakafaulu, wakaendelea kidato cha tano, na nawavulia kofia.

Ila kwa binti huyu njia hiyo ina mitego. Hakufanya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili, maana aliondolewa Septemba na upimaji ni Novemba. Mtahiniwa wa kujitegemea asiye na sifa hiyo hupaswa kufaulu kwanza Mtihani wa Maarifa, ule watu wanaouita QT, ndipo aruhusiwe mtihani wa kidato cha nne. Kituo kiko mbali na Mlingotini, nauli ya kila siku inatoka kwenye mwani, na mtoto wa miaka miwili anabaki kwa bibi yake mzaa mama, ambaye naye asubuhi yuko majini na kamba zake. Na hakuna maabara. Binti alikuwa anapenda baiolojia. Hakuchagua elimu mbadala kwa sababu inamfaa. Amepelekwa huko kwa sababu ya tarehe iliyoandikwa na karani.

Kilichokuwa juu ya vyote hivi

Mkataba wa Afrika wa Haki na Ustawi wa Mtoto, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2003, unasema katika ibara ya 11 kwamba nchi zitahakikisha watoto wanaopata mimba kabla ya kumaliza masomo wanapata nafasi ya kuendelea nayo kwa kadiri ya uwezo wao. Hiyo ni miaka 14 kabla ya kauli ya Pwani. Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu pamoja na shirika la Center for Reproductive Rights walipeleka malalamiko mwaka 2019 mbele ya Kamati ya Wataalamu wa Afrika inayousimamia mkataba huo, na mwaka 2022 kamati ikaamua kwamba kuwapima wasichana mimba kwa lazima na kuwafukuza kumevunja haki zao. Ikaitaka Serikali ikomeshe upimaji huo, iwarejeshe waliofukuzwa na iwape msaada maalumu wa kufidia miaka waliyoipoteza.

Uamuzi huo unaungana na hesabu ya tarehe ya tatu. Kama kufukuzwa kulikuwa kuvunja haki, basi miaka iliyopotea ni deni la Serikali, na mdai haambiwi amechelewa kudai wakati mdaiwa ndiye aliyemzuia mlangoni.

Zanzibar, ng'ambo tu ya maji kutoka ufukwe wa Bagamoyo, walishaanza kuwaruhusu wasichana kurudi baada ya kujifungua miaka kadhaa kabla ya kauli ya 2017. Watu wale wale, dini zile zile, mila za unyago zile zile, samaki wale wale sokoni. Anayesema jamii ya pwani haiwezi kulibeba jambo hili angevuka kwa jahazi akaone.

Kwa nini waraka hautoshi

Nafurahia Waraka wa 2021, na sitaki yeyote asome maneno haya kama kuubeza. Umerudisha wasichana darasani. Tatizo langu ni mahali ulipokaa. Katiba iko juu, kisha sheria ya Bunge, kisha kanuni za Waziri, na waraka uko chini ya hizo zote. Waraka haufuti kanuni. Haukugusa maneno "kosa dhidi ya maadili" wala "kufunga ndoa". Na kilichotolewa kwa waraka hurudishwa kwa waraka: waziri mwingine, asubuhi nyingine, sahihi moja. Katika kisa hiki tumeona kauli moja ikizima haki iliyokuwa imeachwa wazi na kanuni. Haki iliyosimama juu ya waraka peke yake itazimwa kwa urahisi uo huo.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, iliyozinduliwa Dodoma tarehe 1 Februari 2025, inataka elimu ya lazima iwe ya miaka 10: sita ya msingi na minne ya sekondari ya chini. Hii inabadilisha mzani kabisa. Serikali inayomlazimisha binti wa kidato cha pili awe shuleni, na kumshtaki mama yake asipompeleka, haiwezi siku hiyo hiyo kumrudisha getini. Mwanya wa ulazima unaoishia darasa la saba, ambao mwaka 2019 ulimwacha binti wetu uchi mbele ya kauli, utazibika. Lakini sera nayo si sheria, na ulazima huo unamsaidia binti pale tu unapoandikwa kwa namna ambayo mkuu wa shule anaweza kuifungua mezani na kuisoma mbele ya mzazi.

Ningekuwa naulizwa cha kuandika, ningeomba kifungu kifupi ndani ya Sheria ya Elimu yenyewe, chenye mambo manne. Mwanafunzi hataondolewa shuleni kwa sababu ya ujauzito au kujifungua. Hatapimwa mimba kwa lazima. Akipumzika kwa ajili ya kujifungua, atapewa barua yenye tarehe, yenye sababu ya kweli, na yenye namba yake ya usajili, na nakala atabaki nayo mzazi. Na muda wowote wa kurejea utahesabiwa kuanzia siku alipopewa barua hiyo, bila kuingiza kipindi alichozuiwa na shule au na mamlaka yoyote.

Kabla kifungu hicho hakijaandikwa, mzazi aliyeko Mlingotini, Kaole au Fukayosi anaweza kufanya jambo moja siku ile ile binti yake anaporudishwa nyumbani: aandike barua yeye mwenyewe kwa mkuu wa shule, aeleze kwamba mwanawe ameambiwa asije, aombe aendelee na masomo, aweke tarehe, agongewe muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yake. Mtendaji wa kijiji atamsaidia kama kuandika ni shida. Siku daftari litakaposema utoro, karatasi hiyo itakuwa inasema jambo jingine, na mkuu wa shule wa pili atakuwa na tarehe ya kuisimamia.